Kwa Nini Mbwa Mwitu Hulambwa Mdomo na Watoto Wake

Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, mbwa mwitu walikula kwa cheo. Mnyama akiangushwa, mkuu wa kundi alikula peke yake mpaka tumbo likamning'inia, kisha wakala wenye nguvu, kisha wanyonge, na watoto wakaletewa kwato za kuchezea. Hakuna aliyerudi nyumbani na kitu kwa ajili ya mwingine. Ukishiba umeshiba, ukikosa shauri yako. Wala hawakuona ubaya wowote, maana ndivyo walivyolelewa.

Kundi lililotawala bonde la Marere wakati huo lilikuwa la Makeke. Alikuwa dume mpana wa kifua, hodari wa mbio, na mwenye kujisikia kupita kiasi. Akitembea ungedhani nyasi zote ni za baba yake. Siku moja mawindoni mkewe alipigwa teke na pundamilia, akafa, akaacha shimoni watoto ambao macho yao yalikuwa hayajafumbuka vizuri. Walilia mchana kutwa. Makeke, aliyezoea kila kitu kimtii, alisimama mlangoni mwa shimo asijue la kufanya. Ajuza wa kundi, Bi Chausiku, alijilaza wamnyonye, lakini maziwa yake yalikuwa yamekauka miaka mingi.

Asubuhi moja akatokea swala jike, anakuja taratibu moja kwa moja kwenye shimo. Jina lake lilikuwa Mboni. Mbwa walishangaa hata wakasahau kumrukia. Chuchu zake zilikuwa zimejaa mpaka maziwa yalidondoka yenyewe, na alitembea kama mtu aliyechomwa na miba.

"Wewe, unatujua sisi?" Bi Chausiku akamwuliza.

"Nawajua sana. Nyie ndio mliomla mwanangu juzi," akasema Mboni. "Lakini hao wanalia, mama, na mimi silali kwa maumivu. Niacheni niwanyonyeshe."

Mbwa wakampisha. Akalala ubavu mlangoni mwa shimo, watoto wakamrukia, wakanyonya mpaka wakasinzia na maziwa puani. Ndipo Makeke akafanya jambo ambalo kundi halijawahi kuliona. Alilaza kidevu chake mavumbini mbele ya wote, na hicho ndicho kiapo kikubwa kuliko vyote kwa mbwa mwitu. Akasema, "Anayenyonyesha wanangu haliwi. Si na mimi, si na yeyote aliye wangu."

Tangu hapo Mboni akawa anakuja asubuhi na jioni. Watoto wakamwita mama, maana hawakumjua mwingine. Wakisikia kwato zake walitoka mbio wakipigana vikumbo, wakamlamba mdomo na mashavu kabla hata hajalala. Kwa swala wenzake mambo yalikuwa vingine kabisa. Alinuka mbwa, wenzake wakamsogeza pembeni, na mwishowe akawa anakula majani peke yake karibu na mto. Hakulalamika. Aliwahi kumwambia Bi Chausiku kwamba wale watoto walimpunguzia kumfikiria wa kwake.

Kisha mvua ikakataa kunyesha. Nyasi zikawa nyeupe, mto ukabaki madimbwi, na wanyama wakaanza kuvuka milima kufuata malisho. Swala nao wakaondoka. Mboni alibaki, kwa sababu meno ya watoto yalikuwa bado hayajaweza nyama. Maziwa yakapungua, naye akakonda mpaka mbavu zikahesabika, lakini aliendelea kuja.

Makeke akawinda, akakosa. Akawinda tena, akakosa tena. Njaa angeivumilia, kwa kweli. Alichoshindwa kuvumilia ni vijana wa kundi walioanza kutembea mbele yake, na minong'ono iliyonyamaza kila alipogeuka. Alijua kwamba akirudi tena mikono mitupu, kesho yake ukuu utakuwa wa mwingine.

Hapa ndipo mimi huona haya kusimulia, ingawa mimi si mbwa.

Jioni hiyo Makeke alitangulia kundi akashukia mtoni, akamkuta Mboni anakunywa maji. Swala yeyote mwingine angekimbia. Mboni aliinua kichwa, akamtambua, akamwendea.

"Baba watoto," akasema, "leo umebahatika?"

Makeke akamrukia shingoni. Wala haikuwa kazi ngumu, maana hakukuwa na mbio. Mboni alikuwa bado anamtazama akingoja jibu.

Wenzake Makeke walipofika walimkuta amesimama juu ya Mboni, damu kifuani. Walimtambua wote. Angetokea mmoja tu akasema neno, labda hadithi ingekuwa nyingine, lakini kila mmoja aliangalia pembeni akimsubiri mwenziwe. Makeke akala kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kisha wakala wengine kwa vyeo vyao. Walikula wamepeana migongo. Walipomaliza walijiosha midomo katika dimbwi, wakaisugua kwa matope, wakaoga tena, na wakapatana kwamba wakiulizwa watasema Mboni ameamua kuwafuata wenzake mlimani.

Lakini hawakuulizwa kama walivyotarajia.

Walipokaribia nyumbani watoto waliinua pua. Walikuwa wamengoja tangu mchana, na Mboni alikuwa amechelewa. Ghafla mikia ikaanza kutikisika. Wakatoka shimoni mbio wakipigana vikumbo, wakamvamia Makeke, wakamlamba mdomo na mashavu kwa furaha. Walikuwa wamesikia harufu ya mama yao. Walimlamba, wakachungulia nyuma yake, wakamlamba tena.

"Mama amekuja!" wakasema. "Mama yuko wapi? Mbona haji?"

Laiti wangekasirika. Laiti wangemng'ata. Makeke angejua la kufanya na hasira. Lakini walikuwa wanafurahi, na kila ulimi uliomgusa ulizidi kumwambia alichokifanya. Uongo waliopanga haukutoka. Masikio yakamlala, shingo ikamshuka, akatapika mbele yao vyote alivyokula. Nyuma yake wawindaji wengine nao wakainama, mmoja baada ya mwingine, wakatapika.

Watoto walinusa. Walikuwa na njaa ya siku nyingi, na walikuwa watoto. Wakaanza kula.

Makeke akataka kuwazuia. Bi Chausiku, aliyekuwa ameshaelewa yote kwa pua yake, akajiweka katikati.

"Waache wale," akasema. "Mama yao amewanyonyesha mpaka mwisho. Usiwanyang'anye na hiki." Kisha akaingia shimoni.

Makeke akalaza kidevu mavumbini. Safari hii hakuwa na cha kuapa. Alilala hivyo, masikio yamebana, mpaka watoto waliposhiba.

Na tangu siku hiyo, mbwa mwitu hali kwa cheo tena. Mnyama akianguka, watoto waliopo hutangulia, na wakubwa wenye nguvu husimama kando wakiangalia kwingine. Anayerudi nyumbani kutoka mawindoni hupokewa kwa mbio, akalambwa mdomo na mashavu, naye huinamisha kichwa, hulaza masikio, akatapika alichokibeba. Watu wakiona husema, tazama wanyama hawa wanavyowapenda watoto wao. Ni kweli, wanawapenda. Lakini yaangalieni vizuri yale masikio. Watoto wa siku hizi hawajui wanatafuta nini katika mdomo wa baba yao. Ni wakubwa ndio wanaojua, na hakuna hata mmoja anayethubutu kungoja aulizwe.