Mtumbwi wa Mzee Silima

Hapo zamani, vyombo vilipokuwa bado vikienda kwa kafi na mgongo wa mtu, palikuwa na kijiji ambako mtumbwi wa marehemu hauuzwi wala haugawanywi. Ulikaa mchangani mpaka mjane amalize eda. Kesho yake watoto walitoka nao, na aliyemletea mama yao samaki wa nguru ndiye aliyeurithi.

Mzee Silima aliacha watoto watatu: Khatibu, Makame na binti yake, Mize. Makame aliutaka mtumbwi kuliko wenzake. Lakini bahari ilimlevya na kumtapisha tangu utotoni, na kwa ndoo aliyotapikia, kijiji kizima kilimwita Makame Ndoo. Mwenye mtumbwi wake haitwi Ndoo.

Siku ilipofika, Mize akampa kipande cha muhogo na tangawizi. "Kula hiki tu, kaka. Tumbo lililojaa halipatani na mawimbi."

Makame akala muhogo. Kisha akapita kwa shangazi, akala vitumbua na bakuli la supu ya pweza.

Wote watatu wakapanda mtumbwi, wakavuka mwamba. Khatibu akatupa mshipi, hakupata. Akatupa tena, hakupata. Akatupa tena, hata dagaa hakugusa. Makame akainama kufunga ndoana yake, kichwa kikamzunguka.

"Ndoo tumekuja nayo?" Khatibu akauliza. "Ah, kumbe hii hapa."

"Mwache," Mize akasema. "Kaka Makame, weka ndoana chini. Tazama minazi ya pwani, usitazame miguu yako. Tafuna tangawizi, shika kafi upige nami."

Makame alichelewa. Vitumbua na supu vikaenda majini. Dagaa wakaja kula. Vibua wakaja kuwala dagaa. Nyuma ya vibua akaja nguru, urefu wa kafi.

Nguru akameza ndoana ya Khatibu. Khatibu akavuta, mshipi ukamkata viganja, hakuachia. Mtumbwi ukageukia wimbi ubavu, maji yakaingia. Mize akapiga kafi peke yake mpaka omo, mbele ya mtumbwi, ikalikabili wimbi, na nguru akapakiwa.

Nyumbani, mama yao, Bi Riziki, akawatazama. "Nani kamleta?"

Khatibu akanyoosha viganja. "Mshipi wangu, damu yangu. Mimi, mama."

"Umemshika," Mize akasema. "Bila kafi langu angerudi kwao, nasi tungemfuata. Mimi nimewaleta wote, samaki na wavuvi."

Makame, rangi imeshamrudia, akasema: "Asubuhi nzima kaka alikuwa akiosha ndoana. Nguru kaitwa na nani?"

"Na matapishi," Khatibu akajibu. "Turithishane kwa matapishi?"

"Chambo ni chambo."

"Ungenisikiliza usingetapika," Mize akasema.

"Na leo tungekula mchicha."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kisu, lakini watoto ni watatu na mtumbwi ni mmoja. Nguru yuko juu ya jamvi, kisu ki mkononi, na Bi Riziki hakati mpaka ninyi mnaosikiliza mumwambie: je, nani alimleta nguru, hata astahili mtumbwi?