Bi Pimbi na Kokoto za Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa uwanja, lango huku na lango huko!

Basi kaeni vizuri, wa nyuma wasinyanyuke, mpira umeshawekwa katikati.

Palikuwa na bonde, na katika bonde hilo palikuwa na dimbwi moja tu la maji. Mvua zikinyesha, hakuna aliyeligombania. Lakini kiangazi kikianza kunukia, wanyama wote walishuka uwanjani kucheza mechi moja. Timu ya Pembe Ndefu dhidi ya timu ya Miguu Mifupi. Atakayeshinda, upande wake utakunywa kwanza kiangazi kizima. Atakayeshindwa atasubiri.

Na kusubiri si mchezo, jamani. Nahodha wa Pembe Ndefu alikuwa Nyati, na Nyati hakunywa tu. Alikunywa, akaoga, akagaagaa, akalala humo humo. Akitoka, dimbwi limekuwa uji. Mwaka uliopita watoto wa Bi Pimbi walikuwa wakilamba umande kwenye mawe kila asubuhi, na jua likipanda, hata umande haupo. Mdogo wao wa mwisho alilia mpaka sauti ikakauka.

Bi Pimbi alikaa juu ya mwamba uliotazama uwanja. Hakuwa mchezaji. Mwili wake mfupi, mkia hana, mpira ukimgonga anaviringika nao. Lakini macho alikuwa nayo. Pembe Ndefu walipokuwa wakifanya mazoezi, yeye alihesabu. Shuti likiingia golini, aliweka kokoto nyeupe. Shuti likitoka nje, aliweka kokoto nyeusi. Kila mchezaji na chungu zake.

Nyati akapiga, buu! Mpira ukapaa, vuuu! Ukaangukia miibani, chwaa! Bi Pimbi akaweka kokoto nyeusi, ko.

Nyati akapiga tena, buu! Mpira ukapaa, vuuu! Ukaangukia miibani, chwaa! Kokoto nyeusi, ko.

Nyati hakuchoka, na hakumpa mwenzake mpira. Alipiga akiwa karibu, alipiga akiwa mbali, alipiga hata akiwa amegeuka nyuma. Hivyo, kwa kupiga kwingi, mashuti mengine yaliingia. Mwisho wa mazoezi chungu yake nyeupe ilikuwa kubwa kuliko za wote. Chungu yake nyeusi, wacha tu, ilikuwa kama kichuguu.

Pembeni palikuwa na chungu za Palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda na maneno machache. Palahala alipata mpira kwa nadra, Nyati akiwa ameteleza au anapiga chafya. Lakini akiupata, aliutuliza, akamtazama kipa, akaupenyeza, pwa! Katika kila mashuti yake kumi, manane yaliingia. Katika kila kumi ya Nyati, liliingia moja.

Bi Pimbi akatazama chungu hizo. "Siku watakayomwachia Palahala mpira," alijisemea, "wanangu watalamba mawe tena."

Sasa sikilizeni. Habari za kokoto zilimfikia Nyati. Mchana mmoja akasimama chini ya mwamba, akakoroma, mawe yakatetemeka.

"We Pimbi! Shuka!"

Bi Pimbi akachungulia. "Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Nasikia unatuhesabu."

"Nachezea kokoto, nahodha. Mama wa nyumbani nina kazi gani?"

"Usinizungushe. Keshokutwa ni mechi. Nataka kujua nani katika timu yangu apige mashuti. Uniambie kweli. Ukinidanganya, nitakukanyaga ubaki doa. Na kokoto uje nazo, nizione."

Bi Pimbi akapiga hesabu. Akisema kweli, Palahala atapiga, na maji yamekwenda. Akisema uongo, yeye mwenyewe amekwenda. Akarudi pangoni, akatazama chungu nyeupe, akatazama chungu nyeusi. Akakaa. Akajikuna. Kisha akajaza mashavu yake kokoto nyeupe, za Nyati zote shavu hili, za Palahala zote shavu lile. Zile nyeusi akaziacha zilipo.

Akashuka, akazitema mbele ya Nyati, ko, ko, ko, ko, ko.

"Hizi ndizo zako, nahodha. Kila kokoto ni bao. Na hizi za Palahala."

Nyati akatazama kilima chake, akatazama kichuguu kidogo cha Palahala, akacheka mpaka mate yakamtoka. "Nilijua! Nimemzidi mara ngapi?"

"Mara nyingi, nahodha. Hakuna kiumbe katika bonde hili aliyefunga kama wewe. Hiyo ni kweli, naweza kuapa mbele ya yeyote."

"Kwa hiyo nani apige?"

"Mimi sipangi timu," akasema Bi Pimbi, macho chini. "Mwenye mabao mengi anajulikana."

Palahala alikuwa amesimama karibu akitafuna nyasi. Akameza, akauliza taratibu, "Na zile zilizotoka nje, Bi Pimbi? Hizo umeziweka wapi?"

Bi Pimbi akajifanya anapanga kokoto nyeupe.

Lakini Nyati alishamgeukia Palahala. "Wivu! Wivu huo! Mtu anaongelea mabao, wewe unaongelea yaliyotoka nje! Bao likitoka nje ni bao hilo?"

"Ndiyo maana nauliza..."

"Kaa kimya! Keshokutwa kila mpira uje kwangu. Atakayepiga shuti mwingine, nampiga pembe."

Palahala akarudi kwenye nyasi zake. Bi Pimbi akapanda mwamba haraka, na alipofika juu alilazimika kulala chali kidogo, pumzi irudi.

Siku ya mechi ikafika. Refa alikuwa Korongo, miguu mirefu, mdomo ndio kipenga. Priiii! Mpira ukaanza.

Pembe Ndefu wakaupata. Wakampa Nyati. Nyati akapiga, buu! Mpira ukapaa, vuuu! Miibani, chwaa!

Wakaupata tena, wakampa Nyati. Buu! Vuuu! Chwaa!

Kipa wa Miguu Mifupi, Kakakuona, aliona hana kazi, akajikunja kama mpira na kusinzia. Mpira ulipookotwa miibani mara nyingine, Nguchiro aliunyakua, akapita katikati ya miguu ya Pembe Ndefu, ambao wote walikuwa wamesimama wakimtazama nahodha wao. Tii, tii, tii, mpaka golini. Bao!

Watoto wa Pimbi wakarukaruka juu ya mwamba. Mama yao hakuruka. Alijua jambo moja wasilolijua: katika kumi, moja huingia, na lile moja halisemi litakuja lini.

Likaja. Nyati akapiga, buu, na safari hii mpira haukupaa. Ulikwenda chini chini kama nyoka, ukamgonga Kakakuona usingizini, ukaingia pamoja naye. Sasa ni bao moja kwa bao moja.

"Mmeona?" Nyati akanguruma. "Kokoto hazidanganyi!"

Wakaendelea. Palahala alisimama peke yake mbele ya lango, hakuna beki, hakuna kizuizi. "Nahodha! Niko peke yangu!"

"Una kokoto ngapi wewe?" akajibu Nyati, akapiga. Buu! Vuuu! Chwaa!

Jua likainamia magharibi. Muda ukakaribia kwisha. Ndipo Pembe Ndefu wakapata penalti. Palahala alikuwa karibu zaidi, akauchukua mpira, akauweka chini kwa upole. Bi Pimbi akaona hivyo, akawashika wanawe na kuwakumbatia. Manane katika kumi. Alishaanza kuwaza ni jiwe gani hubaki na umande kwa muda mrefu.

"Ondoka hapo!" Nyati akamsukuma Palahala kwa bega, mzee wa watu akaangukia magoti. "Huoni nahodha yupo?"

Palahala akainuka, akajipangusa.

Nyati akarudi nyuma. Akarudi zaidi. Akarudi mpaka akagusa wazee waliokuwa wakitazama. Akaja mbio, ardhi ikalia dudududu, akapiga, BUU! Mpira ukagonga mwamba wa goli, paa! Ukarudi kwa kasi ile ile juu ya kichwa chake, juu ya timu yake nzima, ukaanguka mbele ya Nguchiro. Nguchiro hata hakuamini. Tii, tii, tii. Golini hakukuwa na mtu. Kipa wa Pembe Ndefu alikuwa amekwenda mbele kushangilia mapema.

Bao! Korongo akainua mdomo. Priiii! Mbili kwa moja, mechi imekwisha.

Bi Pimbi hakushangilia. Alilia, na wanawe wakamuuliza mama unalilia nini, tumeshinda.

Kabla machozi hayajakauka, Nyati alikuwa chini ya mwamba, povu mdomoni. "Pimbi! Ulinidanganya!"

"Katika lipi, nahodha?" Safari hii hakushuka. "Nilisema umefunga kuliko wote. Hukufunga?"

Nyati akafikiri. "Nilifunga."

"Nilisema upige wewe?"

Akafikiri tena. "Hukusema."

"Na za nje hukuniuliza. Aliyeuliza ulimfukuza."

Nyati akatafuta uongo uko wapi, akatafuta, hakuuona. Akalainisha sauti. "Sasa mama, mwakani nifanyeje?"

Bi Pimbi akatazama chini, akamwona Palahala akipita, akichechemea kidogo kwa yale magoti. Kwa muda akamhurumia. Kisha akawatazama wanawe.

"Ongeza mashuti, nahodha," akasema. "Aliyefunga mengi ndiye aliyepiga mengi. Hiyo nayo ni kweli."

Nyati akashukuru, akaenda zake kufanya mazoezi. Kiangazi kizima wadogo walikunywa kwanza, maji yakiwa bado yanaonyesha mawingu. Na Bi Pimbi alimnong'oneza Korongo, naye Korongo akatangaza kwamba Palahala naye anywe pamoja na Miguu Mifupi, eti kwa sababu hakuna aliyewasaidia kama yeye: alisimama mechi nzima bila kupiga shuti hata moja. Palahala akasikia, akacheka kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa na kunywa.

Haya, funzo ni lipi? Funzo ni kwamba tuseme kweli siku zote, watoto wangu, kama Bi Pimbi. Hakusema uongo hata mmoja. Tazameni kweli ilikomfikisha.

Kipenga cha ngano kimelia. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao. Asiyeipenda airushe nje, nitaiokota mwenyewe.