Sultani Aliyetafuna Tambuu ya Posa

Hapo zamani, katika mji wa Mkoroshoni, palikuwa na Sultani mwenye kila kitu, na kwa kuwa alikuwa na kila kitu, alitaka na cha wenziwe. Kibanda cha Faki, msuka makuti, kiliegemea ukuta wa jumba lake kama mlevi. Faki hakuwa na kitu, na watu walimwita mpumbavu, maana kila alichoambiwa alikishika neno kwa neno.

Alikuwa na binti, Mize, aliyependana na Hamadi, mchinjaji wa mji wa pili. Basi Hamadi akatuma mzigo wa posa: kanga, udi na tambuu. Desturi yao, mwenye kutafuna tambuu ile ameikubali posa; wakwe wakija waikute haijatafunwa, mambo yameishia hapo. Mchukuzi, mgeni wa mji, akaukabidhi mlangoni kwa Sultani. Sultani akaufungua. Kanga akajifunga za kulalia, udi akajifukiza, tambuu akatafuna mpaka meno yakawa mekundu.

Faki akaenda kudai. "Bwana wangu, mzigo ule ni wa binti yangu. Umefika kwako kwa makosa."

"Makosa si yangu. Nenda kwa kadhi."

Kadhi, ambaye wali wake ulipikwa jikoni kwa Sultani, akafikiri sana, kiasi cha kumeza mate. "Mzee Faki, sheria inakupa njia tele. Waweza kushitaki wizi, ila Sultani haibi, yeye hupokea. Waweza kuleta shahidi, ila shahidi ni bawabu wake. Au waweza kwenda nyumbani ukanyamaza, na hiyo ndiyo wengi huipenda. Nami nahukumu: aliyeufungua mzigo ndiye aliyetumiwa."

"Ndiye hasa?"

"Ndiye, wala hakuna mwingine."

Faki akambusu mkono, akarudi. Akamkuta Mize analia. "Baba, wakwe wanakuja kesho, na tambuu haikutafunwa."

"Imetafunwa, mwanangu. Tena vizuri."

Ikawa kesho yake akaja Bi Kazija, shangazi yake Hamadi, na wanawake wenziwe na chungu cha hina. "Mchumba yuko wapi, mzee?"

"Jumba lile kubwa. Kadhi amehukumu mzigo ulikuwa wake. Ana ndevu, msishtuke."

Basi wakaingia kwa vigelegele, wakamkuta Sultani barazani na kanga zake. Bi Kazija akamkagua kama mbuzi wa sokoni. "Umri umekwenda, lakini Hamadi wetu hana makuu. Lete miguu, mwanangu, tukupake."

"Wanijua mimi ni nani, mwanamke?"

"Bibi harusi. Meno yako yanasema."

Kadhi akaitwa mbio. Akaitazama hina, akamtazama Sultani, jasho likamtiririka. "Bwana wangu, nikiigeuza hukumu, mzigo ni wa Mize. Nisipoigeuza, nitakufungisha ndoa Ijumaa."

Sultani akavua kanga palepale, akabaki na kanzu na aibu. Jioni akaupeleka mzigo mpya kibandani kwa mkono wake mwenyewe, mji mzima ukikohoa ili usicheke.

"Nani alikufundisha ujanja huu, Faki?"

"Ujanja gani, bwana wangu? Mimi nilifuata sheria."

Mize akatafuna, na harusi ikawa. Nawe uliyeficha mzigo wa jirani uvunguni, urudishe mapema. Hina ya Bi Kazija ilibaki.