Punda wa Marehemu Mande

Lugha ya mama haifi, hujinyamazia. Mmeisikia leo, mkacheka, sasa mwataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, mbali kabisa na kwetu.

Wakroatia walikuwa na nchi yao ya mawe kando ya bahari. Vita vilipowafika, baadhi yao wakavuka maji, wakajenga kijiji kilimani huko kwa Waitalia. Mali waliiacha, lugha wakaenda nayo. Watu wakazaliwa, wakazikwa, karne zikapita, na bado kijiji kilizungumza kama watu waliovuka jana.

Perina, mwanamke wa kijiji hicho, ndiye aliyeionea haya lugha hiyo. Alichekwa sokoni kwa kuizungumza, akaapa binti yake Jele hatakisikia Kikroatia nyumbani. Mama yake Perina, Bi Mande, hakubishana. Akawa anazungumza Kikroatia na punda wake tu, hadi alipofariki.

Siku moja Jele alikuwa juu ya punda huyo kwenye njia ya mlimani, kando ya genge refu. Jiwe likaporomoka, punda akashtuka, akaanza kurudi nyuma, kwato zikimomonyoa ukingo. Njia ilikuwa nyembamba. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Wanaume waliokuwa mbele pamoja na Perina wakamfokea punda kwa Kiitalia, naye akazidi kurudi.

"Perina, huyo ana kichwa kigumu kama cha marehemu mama yako!" akasema jirani yake, mzee Luka. "Hasikii ila maneno yake ya Kikroatia. Mwite wewe!"

"Nimeyasahau, baba."

"Mama!" Jele akalia.

Perina akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka hakuijua.

"Dođi, dušo. Dođi, dušo moja." Yaani, njoo, roho, njoo, roho yangu. Ndivyo alivyoitwa yeye alipokuwa akijifunza kutembea.

Punda akasimamisha masikio. Akainua mguu, akautua mbele. Perina hakunyamaza; neno likavuta neno, mengine hata hajui aliyajua lini, machozi yakimtiririka, hadi punda akaegemeza pua kifuani pake.

Wanaume wakavua kofia kama wamo kanisani.

"Sauti ya Mande hiyo," mmoja akanong'ona.

"Ya Mande, na ya mama yake, na ya wale waliovuka maji," akajibu Luka.

Perina akamteremsha mwanawe, akamkumbatia. "Nilidhani yamekufa, baba. Mimi mwenyewe niliyazika."

Mzee akashika hatamu za punda.

"Ulizika nini, mwanangu? Lugha ya mama haifi, hujinyamazia."