Mkuu wa Stesheni na Mistari Miwili

Wapendwa, leo msiniitikie amina. Sina habari ya kuwafurahisha.

Palikuwa na mkuu wa stesheni mmoja, mstaafu. Maisha yake yote ya kazi hakuna treni iliyoondoka kwake kabla ishara haijatoka, na hakuna aliyekufa kwenye reli yake. Mtu makini kweli. Yeye na mkewe walikuwa na binti mmoja, Sekela, mtu mzima kwa umri, lakini kula analishwa, kuvaa anavishwa, na maneno aliyoyajua ni machache mno. Wazee wale walikuwa na hofu moja, na kuna wazazi humu ndani wanaijua: sisi tukiondoka, huyu atabaki na nani?

Basi mzee alipopata kiinua mgongo akaamua kununua hisa, zikae miaka na miaka, gawio limtunze Sekela wao wakiwa kaburini. Wazo zuri, au siyo? Dalali akamfungulia akaunti. Lakini kwenye simu mzee akakuta mchoro wa bei wenye mistari miwili, mmoja wa wastani wa siku chache, mwingine wa wastani wa miezi mingi. Akasoma kwamba ule wa siku chache ukiupita mwenzake kwenda juu, ndiyo saa ya kununua. Akafurahi sana! Hiyo si ishara? Na yeye ni mtu wa ishara.

Mkewe akawa anamuuliza, "Baba Sekela, umeshanunua?"

"Bado."

Siku moja mistari ikapishana kweli. "Haya, nunua basi," mama akasema.

"Bado. Juzi ilipishana ikanidanganya. Ngoja kipimo cha pili cha mchoro huu nacho kikubali."

Cha pili kikakubali, cha tatu kikakataa. Bei ikapanda, akasema itashuka. Ikashuka, akasema huenda ikashuka zaidi. Sekela yuko pale pale mkekani, anasikia yote.

"Lakini Baba Sekela, si tunanunua hisa za miaka mingi? Ya wiki hii yanatuhusu nini?"

"Treni haiondoki bila ishara, mama Sekela."

Hebu niambieni, ishara ya reli inatolewa na nani? Si na mtu anayejua kama njia ya mbele ni salama? Na ule mchoro unaonyesha nini? Unaonyesha treni ilikokwisha kupita! Maskini mzee wa watu, alisimama miaka yote ile anatazama nyuma, akidhani ni mbele.

Mama akafa akiwa bado anauliza. Mzee naye akaanguka kwa kiharusi, akamfuata. Fedha ilikuwa benki, ile iliyosalia baada ya hospitali na msiba, nayo haikununua tena kile ilichoweza kununua zamani.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu wakakaa kikao: nani atamchukua Sekela? Kila mmoja akatazama miguu yake. Shangazi akamwinamia, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, baba ameshakununulia kitu?"

Sekela akatabasamu, maana swali hilo alilijua tangu zamani. Akajibu kwa sauti ya baba yake kabisa:

"Bado."

Mnangoja mwisho mwema? Ningependa kuwaambia kwamba alitokea mtu mwema akamchukua. Mfano huu hauna mtu huyo.

Sisi je? Ndugu yako hamsalimiani tangu mazishi ya mama yenu, unangoja aanze yeye. Una mtoto uliyemzaa nje, unamjua kwa jina tu, unangoja mambo yakae sawa. Tunakuita kusubiri kwetu busara, na mimi ninayesema hapa nimo humo humo. Huku wanaotutegemea wanatusikia kila siku, wanajifunza jibu letu.

Nikiwaita sasa hivi mje hapa mbele, najua neno lililoko midomoni mwenu. Msihangaike kulitamka. Sekela ameshalisema kwa niaba yetu.