Wali wa Mama Mkwe

Mtu mmoja alikuwa na mke, kipande cha shamba la mpunga na kuku wachache, na bado moyo wake haukutulia. Jina lake Kibwana. Kuku akianza kutafuta pa kutagia, Kibwana keshamuuza, maana kasikia kuna faida kwenye vitenge. Vitenge navyo havijazoeleka dukani, kavitoa kwa hasara ili anunue mkaa. Mkewe Mwanaidi akimwandalia wali na kunde za nazi, yeye hula macho yakiwa mlangoni, na badala ya kushukuru husema kesho watakula kuku wa maana. Kuku gani, naye kawauza wote?

Mwanaidi alivumilia hadi akachoka. Akafunga nguo zake akarudi kwao.

Kibwana alituma wazee wakamwombee radhi. Jibu likaja kutoka kwa mama mkwe, Bi Mwanasiti: atakuja Ijumaa kula kwa mkwewe, na chakula akipike Kibwana mwenyewe, kisiwe cha kununua. Baada ya kula ndipo atakapoamua kama binti yake arudi.

Siku ikafika. Bi Mwanasiti akakaa mkekani, kajitanda kanga yake. Kibwana akachagua mchele, akakuna nazi, akabandika. Tui lilipokauka akapalia makaa juu ya mfuniko, kama alivyozoea kumwona mkewe akifanya, na hapo ndipo kazi ilipomshinda. Wali ukishapaliwa huachwa, na kuacha ndiko asikokuweza. Je, ukiungua? Akafunua. Akafunika. Je, kama tui halikutosha? Akafunua tena, majivu yakamwagikia ndani. Akawaza atoke kwa mlango wa nyuma akanunue pilau mgahawani, nani atajua? Akasimama, mkono mfukoni.

Bi Mwanasiti akamtazama, akasema, "Mwanangu, binti yangu hakukimbia njaa. Alimkimbia mtu asiyeweza kungoja chakula chake kiive. Funika, ukae. Mimi nina njaa, na nitangoja."

Kibwana akakaa. Aliona aibu kubwa. Miguu ilimwasha, kila sauti ya barabarani ilimwita, na makaa yalikuwa yakifa polepole mno. Lakini hakunyanyuka.

Alipopakua, wali ulikuwa na majivu huku na kiini kigumu kule. Bi Mwanasiti akasema bismillahi, akala hadi akamaliza, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru mpishi. Kibwana akamkumbuka Mwanaidi. Miaka yote ile alikuwa amelishwa wali ulioiva vizuri, na neno hilo halijapata kumtoka kinywani. Akalia mbele ya mkwewe.

Mama mkwe akanawa, akaaga, akaenda zake bila kusema kitu juu ya Mwanaidi. Kibwana alitamani amfuate amuulize, akajizuia. Jioni akaja mchuuzi na pesa taslimu, akitaka kununua mpunga ungali mchanga shambani, kwa nusu ya bei. Mkono wa Kibwana ulitaka kuzipokea pesa zile. Akamkaribisha mgeni ukoko wa wali uliobaki, akamwambia mpunga hauuzwi.

Siku ya kuvuna, Mwanaidi alirudi.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaokimbilia huku na huko kutafuta kilicho bora zaidi: kwenu nyumbani, ni nani aliyekaa na njaa anawangoja?