Ngwali na Wapwa wa Faki

Jamani, mpo?
— Tupo!
Niseme au ninyamaze?
— Sema, tumekaa kwa ajili yako!

Basi hapo kale, mbuzi walipokuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia, palikuwa na mkwezi wa minazi akiitwa Ngwali, na mkewe Bi Mize. Mtoto hawakujaaliwa.

Jirani yao alikuwa Faki, mtu mwenye huruma kupita kiasi. Dada yake alipofariki, aliwachukua mayatima wake wawili: Mboja, binti mdogo tu, na Raya, mchanga wa kubebwa. Huruma hiyo ilimpa Mboja ufagio, mtungi na sufuria za kusugua. Raya haikumpa kitu, maana hajui kufagia.

"Ngwali," Faki akasema, "mchukue huyu mchanga awe mwanao. Nakufikiria wewe tu."
"Na dada yake?"
"Mboja? Nampenda mno! Nani atanitekea maji?"
Mnayasikia mapenzi hayo?
— Tunayasikia!

Ngwali akampokea Raya, na akili zikamruka. Mtoto akipiga chafya, Ngwali anatangaza kutoka juu ya mnazi. Akicheua, majirani wanaitwa. "Tazameni anavyocheua! Kuna mwingine anayecheua hivi?" Watu wanatazama. Maziwa begani. Maajabu makubwa.

Lakini Raya alikuwa akilia. Ngwali akamwimbia, akalia. Bi Mize akambeba mgongoni, akalia. Wakamwimbia wote wawili, hapo ndipo akalia kwa haki.

Siku moja Mboja akapita na mtungi kichwani. Akasema tu, "Raya, mdogo wangu." Kimya. Mtoto akacheka. Mboja akaendelea na njia, machozi yake yakichanganyika na maji yaliyomchuruzika kutoka mtungini, na nyuma yake kilio kikaanza upya. Ngwali alisimama pale. Sasa akaelewa mtoto anamlilia nani.

Kesho yake mchana akaenda kwa Faki, akamkuta amejilaza barazani.
"Nimemleta mpwa wako akusalimu."
Raya akasalimu: ngaa! Mboja akaacha ufagio, amkimbilie.
"Fagia!" mjomba akafoka.
Mboja akafagia. Raya akalia mpaka kuku wakahama ua.

Siku ya pili Ngwali akaja tena. Ngaa! "Fagia!"

Siku ya tatu akaja tena. Majirani nao wakaja, kuuliza nani anachinjwa. Faki akaruka kutoka mkekani.
"Mchukue na Mboja!"
"La, bwana. Nani atakutekea maji?"
"Nitateka mwenyewe!"
"Na kufagia?"
"Nitafagia!"
"Na yale mapenzi yako?"
"Ngwali, nakusihi mbele ya watu hawa, ondoka na mapenzi yangu yote!"
Ngwali akashusha pumzi kama mtu anayetwishwa gunia. "Haya. Kwa kuwa umeniomba."

Walipotoka nje ya ua, Mboja akasimama.
"Kwako nitafagia wapi?"
Ngwali akachuchumaa. "Kwanza mbebe mdogo wako. Na mimi niite baba, siku ukiona inafaa."
Mboja akampakata Raya, kilio kikakatika. Wakatembea kidogo. Halafu akasema, "Baba, Raya alikuwa amelowa."
Kweli, shati zima la Ngwali lilikuwa chapachapa. Naye njia nzima akawa anawasimamisha watu, anawaonyesha shati.

Hadithi imeingia ndani, mlango nimeurudisha.
— Ulimi wako usichoke!
Basi tawanyikeni, mkawapakate wenu.